Kompyuta Ndogo Ndani ya Kompyuta Kubwa

Kila alasiri Babu alifanya mazoezi ya kushuka ngazi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika, ukaungwa, na daktari alimwambia jambo moja: usipokunjwa kila siku utakakamaa, na hutatoka tena nje kwa miguu yako. Familia iliishi ghorofa ya pili. Chini ya ngazi kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji, na mwisho wa uwanja kulikuwa na geti. Babu alitaka kufika getini. Alikuwa hajafika.

Aliyemshika mkono alikuwa mke wa mwanawe. Mwanawe mwenyewe, mwoka mikate, alijaribu siku moja tu.

"Huyu ananibeba kama gunia la unga," Babu alilalamika. "Niachieni mkwe wangu."

Mkwe huyo alifanya kazi hospitali. Alitunza seva ya maabara, yaani kompyuta kubwa inayohifadhi majibu ya vipimo na kuyapeleka wodini. Seva ile iliendeshwa na mfumo wa Linux, naye aliujua vizuri. Kazini walimwita Mama Mashine.

Siku moja walikuwa katikati ya ngazi simu ilipolia.

"Mama Mashine, imezimika tena."

"Nakuja."

Hakuwa na la kufanya. Zamani mhudumu mmoja wa maabara aliwahi kuchomoa na kuchomeka waya akidhani anasaidia, majibu yakaharibika. Tangu hapo mkuu wa maabara alipiga marufuku mtu mwingine kuigusa. Mama Mashine akampandisha mzee, akamketisha, akachukua mkoba.

"Hilo jitu lako linapenda kudeka," Babu alisema. "Mimi nilivunjika mguu, sikuita watu hivyo."

"Uliita, Baba. Mtaa mzima ulisikia."

Akaenda, akabonyeza kitufe kimoja, akarudi giza limeingia. Juma lile mambo yalikuwa hivyohivyo. Goti la Babu likaanza kugoma. Asubuhi lilikunjika nusu tu, na mzee akaacha utani.

Ghorofa ya juu aliishi jirani waliyemwita Taratibu. Alikuwa fundi wa kampuni ya simu, na kwa miaka mingi alitunza mitambo iliyowekwa vilimani, mahali ambapo mtu hawezi kukimbilia kila inapozimika. Alikutana na Mama Mashine kwenye ngazi.

"Mbio za wapi, mwenzangu?"

"Kuwasha mashine."

"Kwa miguu?"

"Kwa kidole. Miguu inakipeleka kidole."

"Huwezi kuingia ukiwa nyumbani?"

"Naingia, Linux ikiwa macho. Ikizimika nabisha hodi nyumba isiyo na mtu."

"Mtu yumo," Taratibu alisema. "Hujamjua tu. Nitakuja tuzungumze."

Alikuja siku ya mapumziko, akaketi sebuleni, akaeleza bila haraka.

"Seva kama yako ina kompyuta nyingine ndogo ndani yake. Ina akili yake, ina anwani yake ya mtandao, ina nywila yake. Haitegemei Linux. Maadamu waya wa umeme umechomekwa, yenyewe iko macho hata kubwa ikiwa imezimwa. Inapima joto, inahesabu mwendo wa feni. Ukiiamuru, inaiwasha kubwa kama vile umebonyeza kitufe."

"Kama mlinzi," Babu alisema. "Mwenye nyumba amelala, yeye yuko mlangoni."

"Ndiye huyo, mzee wangu."

Mama Mashine aliweka kikombe chini. "Imekuwa humo siku zote?"

"Siku zote. Inangoja kuambiwa kazi."

Mkuu wa maabara aliwapa ruhusa. Siku iliyofuata mhudumu aliwasogezea makatoni yaliyokuwa kwenye chumba cha seva, wakapita nyuma ya mashine. Taratibu alionyesha tundu la waya lililokaa peke yake, lenye picha ndogo ya spana. "Hili ni lake. Usilichanganye na matundu ya Linux." Wakachomeka waya wa mtandao. Kisha Mama Mashine akaingia kwenye Linux, na kwa programu iitwayo ipmitool akaipa kompyuta ndogo anwani isiyobadilika.

"Sasa nywila," Taratibu alisema. "Ile ya kiwandani iondoe, kila mwizi anaijua. Na usiiache wazi kwenye intaneti. Anayeishika hii ndogo ameishika kubwa yote. Ifikie kwa njia ya siri ya hospitali tu."

Njia hiyo ya siri Mama Mashine aliitengeneza mwenyewe, zamani. Ilimruhusu kuingia kwenye mtandao wa hospitali akiwa nyumbani bila mgeni kupenya.

Nyumbani alifungua kompyuta yake. Joto lilionekana. Feni zilionekana, kila moja na mwendo wake. Mwoka mikate akapiga makofi. Taratibu hakupiga.

"Bado hujaijaribu."

"Si ninaiona?"

"Unaiona kubwa ikiwa macho. Waambie maabara wasubiri kidogo, kisha izime."

Akaizima. Namba kwenye kioo zikasimama. Akaita kompyuta ndogo. Kimya. Akaita tena. Kimya.

Akajishika paji la uso. "Njia yangu ya siri inapita ndani ya seva ileile."

"Yaani umefunga mlango, ufunguo uko ndani," Babu alisema.

Ikabidi aende tena kubonyeza kitufe. Alasiri ile nayo Babu hakushuka. Taratibu hakumcheka.

"Afadhali leo, tulipoizima wenyewe," alisema.

Kesho yake Mama Mashine aliihamishia njia ya siri kwenye kifaa kidogo cha mtandao, kinachojitegemea na chenye betri yake. Akaizima seva. Kompyuta ndogo ikajibu. Akaiwasha akiwa mezani kwake. Taratibu akataka irudiwe, ikarudiwa. Akataka tena, ikarudiwa tena.

"Nimeridhika," alisema. Waliomjua walijua uzito wa neno hilo. Mitambo yake ya vilimani ilidumu kwa sababu hakuamini kitu kwa kuwa kinafanya kazi. Aliamini kilichofanya kazi baada ya vingine vyote kuzimwa mbele ya macho yake. "Na ikizimika kweli," aliongeza, "tazama kwanza, ndipo uguse."

Simu ililia alasiri moja, Babu akiwa katikati ya ngazi.

"Mama Mashine, imezimika."

Safari hii aliketi palepale kwenye ngazi, akatoa kompyuta kwenye mkoba ambao siku hizi alishuka nao.

"Na mimi nikae?" Babu aliuliza.

"Simama, Baba. Shika chuma cha ngazi."

Kompyuta ndogo ilijibu mara moja: kubwa imezimwa. Kidole chake kilikuwa tayari kutuma amri ya kuwasha. Akakizuia, akatazama joto. Lilikuwa limepita kiwango. Seva ilikuwa imejizima ili isiungue. Akapiga simu.

"Nyuma ya mashine kuna nini?"

"Hakuna kitu," mhudumu alisema. "Makatoni ya glavu tu."

"Tangu lini?"

"Yanakaa hapo siku zote. Ukija huwa tunayaondoa ili upite."

Hapo Mama Mashine akaelewa. Kila alipokwenda aliikuta mashine imeshafunguliwa njia ya hewa, kwa heshima yake. Kutoka mbali ndipo alipoiona inavyoishi akiwa hayupo.

"Yahamishe, ndugu yangu, na yasirudi. Hewa ya moto inatokea huko nyuma."

Joto likashuka polepole. Liliporudi mahali pake, akatuma amri. Feni zikaanza kuhesabiwa moja baada ya nyingine. Linux ikaamka, na mhudumu akasema majibu yanaonekana, yote. Makatoni yalipata chumba kingine, na mashine haikuzimika tena kwa joto.

Alifunga kompyuta, akanyanyua macho. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu.

Alishuka akikimbia. Babu alikuwa ng'ambo ya uwanja, ameshika chuma cha geti, anahema.

"Imeamka?"

"Imeamka, Baba."

"Umekawia." Alijipangusa jasho. "Haya, fungua geti. Au na hili linafunguliwa kutoka mbali?"