Ndege Asiyesahau Sura

Wenzangu mnaoishi mijini, hasa ninyi mnaonung'unika kila asubuhi kwamba majani ya mti yanawachafulia ua, sogeeni karibu kidogo. Nataka kuwasimulia yaliyotokea mtaani kwetu hapa Adelaide, Australia, upande wa pwani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwenyewe yupo hai na ameniruhusu nimtaje. Sharti lake ni moja tu, nisitie chumvi, na kwa kweli haihitajiki.

Mtaa wetu ulikuwa na mkaratusi mkubwa ukingoni mwa barabara. Aliyeupanda hatumjui. Matawi yake yalifunika lami kutoka kwa Mama Rosalba mpaka kwa akina Pengelly, na alfajiri tuliamshwa na magpai waliokaa humo, wale ndege weusi wenye mabaka meupe, wakubwa kama kunguru lakini waimbaji hodari. Kila Februari, nyanya zikishaiva, Mama Rosalba alitoa meza zake chini ya mti ule na mtaa mzima ukakusanyika kupika sosi ya kutosha mwaka. Yeye na Waitaliano wenzake walisaga na kukoroga, sisi wengine tulikuwa wa kuosha chupa na kula. Watu waliokosana mwaka mzima walipatana pale wakimenya vitunguu saumu. Ilikuwa raha, jamani, naikumbuka mpaka leo.

Sasa Murray Pengelly alikuwa fundi mabomba mstaafu, mtu wa watu, mwepesi kukuazima ngazi hata kabla hujamaliza kuomba. Mkewe, Glenys, aliupenda mkaratusi ule kupita sisi sote. Kikombe chake cha kwanza cha chai alikinywea chini yake kila siku, jua au baridi. Siku moja wakaamua kuongeza ghorofa juu ya nyumba yao, na Murray akataka dirisha pana la kutazama magharibi, iliko bahari. Ujenzi ulipokwisha akabeba kiti chake juu, akakaa, akatazama. Aliona majani matupu. Bahari ilikuwa kule nyuma ya majani, anaisikia na haioni.

Mwingine angeshukuru kivuli. Murray alianza kununa. Aliiomba halmashauri iukate mti, ikakataa kwa sababu mti ni mzima na ni wa mtaa mzima. Akarudi nyumbani akilalamika mpaka Glenys akachoka.

"Bahari ni hapo tu, Murray. Miguu unayo," alimwambia.

"Mimi nataka kuiona nikiwa nimekaa."

"Basi kakae ufukweni."

Mwenye masikio yangemtosha hayo. Lakini tamaa ikishaingia ndani ya mtu huziba masikio kwanza.

Huku kwetu kuna mchana mmoja mwishoni mwa Septemba ambao unaweza kupita mtaa mzima usikutane hata na paka. Ni mchana wa fainali ya mpira. Kila mtu yuko mbele ya televisheni, soseji mkononi. Glenys alikwenda kuitazama kwa dada yake. Murray alituambia tumbo linamsumbua, tukamwonea huruma. Kumbe tumbo halina neno. Alitoka na drili yake na chupa ya sumu, akautoboa mkaratusi shinani na kuimimina humo, na kabla timu hazijaenda mapumziko alikuwa amekwisha rudi ndani kunawa mikono. Hakuna mtu aliyemwona.

Nimesema hakuna mtu. Septemba ni majira ya magpai kulalia mayai, na dume alikuwa tawini juu ya kichwa chake, akimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Ndege huyu akishakushika sura amekushika, hakuachi mwaka huu wala mwaka ujao.

Asubuhi iliyofuata Murray alitoka kwenda kununua mkate, akashtukia kitu kimemgonga kisogoni. Akakimbia. Jioni akapigwa tena. Mpeleka barua alipita salama, watoto wa shule walipita salama, mimi nilipita na mbwa wangu salama. Murray akitia tu mguu barabarani, ndege huyo chini. Alivaa miwani nyuma ya kichwa ili ndege adhani anatazamwa, wapi. Mwishowe akafanya kama tunavyofanya huku, akachukua ndoo ya aiskrimu, akaichora macho mawili makubwa nyuma, akaivaa kama kofia. Kuvaa ndoo si ajabu kwetu katika msimu ule. Ajabu ni kwamba mtaani alikuwa ameivaa peke yake.

Mama Rosalba alimsimamisha langoni. "Murray, mwanangu, umemfanyia nini huyu ndege? Mimi anakula mkate mkononi mwangu."

"Ana kichaa, Mama."

"Kichaa gani hicho kinachochagua mtu?"

Murray alicheka, akaenda zake akiwa ameishikilia ndoo kwa mikono miwili.

Krismasi ilipofika mkaratusi ulikuwa umekauka. Watu wa halmashauri walikuja, wakakuta matundu, wakakata matawi yasije yakamwangukia mtu, wakaacha shina. Kisha wakafanya lile wanalowafanyia waua miti wa pwani yetu. Wakasimamisha bango kubwa, refu kuliko nyumba: MTI HUU UMEUAWA KWA SUMU. Aliyeua mti ili apate cha kutazama, na atazame hilo. Bango likakaa mkabala kabisa na dirisha la Murray.

Pale lilipoishia bango, palianza jua. Hakukuwa na jani la kulizuia tena, na jua la jioni likaingia ghorofani moja kwa moja, likababua sakafu mpya na kupausha makochi. Glenys akafunga mapazia mazito, na hayakufunguliwa tena mpaka majira ya joto yakapita. Kiyoyozi kilinguruma mchana kutwa na bado wawili hao walishinda jikoni, miguu juu ya vigae vya baridi. Mchuma janga hula na wa kwao, wazee walisema, na Glenys alikuwa akila sahani ambayo hakuipika.

Tena alikuwa akiulilia mti wake. Mumewe ndiye aliyembembeleza.

"Aliyefanya hivi, sitamsamehe," alimwambia Murray akiwa ameegemea bega lake. "Hata akija kwa magoti."

Murray anasema joto aliliweza, bango aliliweza, na ndege alimweza. Kumfuta mkewe machozi yale ndiko kulikomshinda. Kila siku alitaka kusema na kila siku aliogopa kumpoteza.

Februari ikafika, na nyanya hazimsubiri mtu. Mama Rosalba alitoa meza zake palepale pa zamani, tukafunga mashuka na miavuli juu ya vichwa vyetu, na bado jua lilitupata. Tulifanya kazi bila nyimbo. Waliozoea kubaki mpaka jioni waliondoka mapema na chupa zao. Glenys aligoma kuondoka. Alikuwa akikoroga sufuria kubwa, uso mwekundu kama nyanya zenyewe, na mara mwiko ukamdondoka, naye akafuata.

Tulimbeba kumtafutia kivuli na kivuli hakikuwepo. Ilibidi tumpeleke hadi ndani ya gereji ya Mama Rosalba, tukamlaza sakafuni na vitambaa vya maji shingoni. Murray alikuja mbio kutoka ng'ambo ya barabara, ndoo kichwani. Msimu wa magpai kushambulia ulikuwa umepita zamani, ila yeye hakuwa na imani tena na anga. Akapiga magoti, akamshika mkewe mkono.

"Ni mimi, Glen," alisema. "Mti niliuua mimi."

Mama Rosalba aliendelea kukamua kitambaa. "Tunajua," alisema.

"Mnajua?"

"Tangu lile bango. Ndege alishasema, sisi tukaona matundu. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Glenys alikuwa amefumba macho. "Mimi sikujua," alisema polepole. "Waliniambia, nikakataa. Niligombana nao kwa ajili yako."

Hapo sote tulitazama chini. Murray alilia kama mtoto, na ile ndoo ikamshuka mpaka kwenye nyusi. Glenys alifumbua macho, akamwangalia.

"Vua hicho kitu, niongee na mtu," alisema, na Mama Rosalba akacheka kwanza, halafu sote. Kisha Glenys akamalizia bila kucheka. "Leo sikusamehe. Nirudishie kivuli changu. Siku nitakapokunywa chai chini yake, ndipo tutazungumza."

Murray alikwenda mwenyewe halmashauri akajitaja, akaadhibiwa inavyostahili. Baridi ilipoanza na mvua kulainisha udongo, miche ililetwa, na mtaa mzima ulitoka kupanda, si mahali pa mkaratusi tu bali pande zote mbili za barabara. Kumwagilia kukawa kazi ya Murray. Akaleta mpira wa maji, Mama Rosalba akaukataa.

"Mpira ni wa wasio na hatia. Wewe tumia ndoo."

Basi kila jioni ya kiangazi fundi mabomba alibeba maji kwa mikono, ndoo mbili mikononi na ya tatu kichwani. Tulimtania bila huruma, naye akajibu mapigo, na watoto wakaanza kumfuata na vikopo vyao. Kidogo kidogo miche ikapita magoti, ikapita viuno, ikapita mabati ya baraza.

Mwaka jana, asubuhi moja, Glenys alitoka na kikombe chake, akaweka kiti chini ya mkaratusi mchanga, akakaa. Kivuli kilimtosha yeye na nafasi kidogo pembeni. Murray alikuwa akimimina maji, akajifanya haoni.

"Lete kiti chako," Glenys akamwita.

Alikwenda kukileta mbio. Alipokaa, yule magpai akatua nyasini mbele yake, akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akamtazama kwa la pili. Mkono wa Murray ulipanda wenyewe kutafuta ndoo. Ndege akadonoa mdudu wake, akaenda zake.

Bahari bado haionekani kutoka ghorofani, majani mapya yameifunika. Wakitaka kuiona, wanaifuata kwa miguu, wawili.

Funzo

Ndugu zangu, mti wa mjini hauna mwenyewe mmoja. Chini yake wanakaa mgonjwa, mtoto, mpishi na ndege, na anayeuua kwa faida yake huwanyang'anya wote hao, akianza na wa nyumbani kwake. Kuuangusha ni kazi ya nusu ya mchezo wa mpira, kuurudisha ni kazi ya miaka. Basi tulioukuta tuutunze, na tusioukuta tupande. Na wewe ambaye tayari umeshika drili, tazama juu kwanza. Huenda yuko anayekutazama, na yeye hasahau.