Ubao wa Siku Mia Tatu

Gari la kiwanda lilikuwa limeshalipita geti. Mama amelazwa nyuma, kafunikwa blanketi jipya ambalo bado lina lebo. Binti yake wa miaka kumi na mbili alikaa kando, ameushika mkono wa kulia wa mama, uliofungwa kitambaa na kuvimba mpaka vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Alijua kilichokuwa ndani ya kile kitambaa. Alikifunga yeye.

Kiwanda kilisindika minofu ya samaki. Getini palikuwa na ubao: SIKU BILA AJALI, na chini yake namba iliyobadilishwa kwa chaki kila asubuhi. Zikifika mia tatu, kila mfanyakazi angepata blanketi. Lakini mmoja akiandikisha jeraha, namba inarudi sifuri. Mwaka uliopita mzee mmoja, mpiga koleo wa barafu, aliteguka mguu siku ya mia mbili na themanini, akaripoti. Tangu hapo jina lake ni Babu Sifuri, hata kwa watoto wa bombani, na mwenyewe ameshazoea kuitika.

Siku ya mia mbili tisini na moja, mwiba wa samaki ulitoboa glavu ya mama ukazama kiganjani. Alikuja kuutoa nyumbani kwa pini. Binti akasema waende zahanati ya kiwanda. Mama akacheka, akasema zahanati ndiko liliko daftari la ajali, na yeye hana hamu ya kuitwa Mama Sifuri.

"Siku tisa tu, mwanangu. Usimwambie mtu."

Kila alfajiri binti aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kukibana ili glavu ipite. Siku ya nne kitambaa kilianza kunuka. Siku ya sita mstari mwekundu ulipanda hadi kwenye kiwiko. Jioni hiyo Babu Sifuri alimkuta bombani, akamuuliza mbona mama yake siku hizi anashika kisu kwa mkono wa kushoto.

"Anajifundisha tu, babu."

Mzee aliinama karibu naye. "Mimi nilizomewa na sikufa, mjukuu wangu. Kama kuna neno, niambie."

Binti alijitwika ndoo akaenda zake.

Siku ya mia tatu vigelegele vilipigwa getini. Mama alipokea blanketi kwa mkono wa kushoto, akapiga hatua tatu, akaanguka.

Hospitalini daktari alisema maambukizi yameshaingia kwenye damu, mkono ukatwe leo hii. Binti akalia, akasema yote: mwiba, kitambaa, swali la Babu Sifuri.

"Usijilaumu," mama alisema. "Mimi mtu mzima ndiye niliyekutwisha mzigo huu."

Daktari alichuchumaa mbele ya mtoto. "Siku ya kwanza hili lilikuwa jambo la sindano na vidonge. Mtu akikuambia ufiche kidonda chake, hata awe mama yako, wewe sema. Atakasirika, lakini atakuwa mzima."

Mkono ulikatwa, mama akapona. Alijifunza kula kwa mkono wa kushoto. Kazi ya kisu hakuifanya tena. Kiwanda kilifuta zawadi, ubao ukabaki bila namba. Mwezi uliofuata wafanyakazi kumi na mmoja waliandikisha majeraha waliyoyaficha. Kwa wawili matibabu yalikuwa yamechelewa. Babu Sifuri alistaafu na jina lake lile lile. Binti alimaliza shule, sasa ni muuguzi. Blanketi liko juu ya kabati, na lebo yake.