Antena ya Mabomba ya Pazia

Soko la Kejetia lilikuwa limefurika watu, na Dufie alikuwa akikata mabomba ya pazia huku akigombana na wateja watatu kwa mpigo. Ndipo kijana mmoja mrefu, shati la mistari limechomekewa upande mmoja tu, alipomtaka amkatie vipande kadhaa, kila kimoja kifupi kuliko mwenzake.

"Kaka, madirisha ya nyumba yako yameugua?"

"Si ya madirisha, dada. Nataka kunasa setilaiti."

"Kwa mabomba ya pazia?"

"Njoo Jumapili uone. Usipoona kitu, nanunua duka zima."

Kijana huyo aliitwa Ntim, fundi wa redio. Jumapili Dufie alipanda juu ya paa lake katika mtaa wa Asafo, amevaa gauni la kitenge lililombana kiuno, akiwa na hakika kwamba anakwenda kudanganywa. Ntim alimpa antena aishike, akasimama nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Dufie, wakageuka pamoja taratibu kuifuata setilaiti ambayo hakuna aliyeiona. Redio ikaanza kugonga. Ilikuwa sauti ya setilaiti; kwenye kompyuta picha ikajichora mstari baada ya mstari: mawingu, bahari, pwani ya nchi yao wenyewe. Dufie hakuitazama sana. Shingo yake ilikuwa ikisikia pumzi za mtu.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Mama Mabomba, umekula?"

"Sijala. Nakungoja uje unilishe."

Mashoga zake sokoni wakambandika jina la Bibi Setilaiti, naye akajifanya kukasirika.

Alasiri moja alifunga duka mapema, akabeba waakye ya moto kwenye majani, wali na maharage kama Ntim alivyoupenda, akapanda ngazi. Juu ya paa alikuwapo mwanamke mwembamba, gauni la njano, nywele zimesukwa zikasukika. Ameishika antena. Nyuma yake Ntim, mikono juu ya mikono, wanageuka taratibu.

Wivu ulimpanda. Angewakuta wamekumbatiana, angepiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini ule ulikuwa mkao wake yeye, aliodhani umebuniwa kwa ajili yake. Kumbe kila anayepanda anapewa! Akaiacha waakye kwenye ngazi, akashuka.

Kesho yake ndipo alipopokea simu ya Ntim.

"Yule nani?"

"Abrefi. Mwalimu. Anataka kuwafundisha wanafunzi wake."

"Wanafunzi wake wanafundishwa kwa kiuno?"

"Dufie, kipenzi, hakuna kitu..."

"Anakupenda?"

"Ni mwalimu tu, Dufie."

"Nakuuliza wewe, anakupenda?"

"Nadhani ndiyo. Nilijua, nikanyamaza. Nilifurahia kupendwa."

Dufie akakata simu, akalia mbele ya wateja bila haya. Alitamani angedanganywa.

Wiki iliyofuata Ntim alisimama mbele ya duka, amekonda, shati limechomekewa pande zote.

"Abrefi nimemwambia asije tena. Na nimeunda mguu wa chuma wenye mota. Antena sasa inageuka yenyewe. Hakuna mwanamke atakayeishika."

"Hata mimi?"

Ntim akaanza kueleza habari za mota.

"Fundi mzima, akili huna! Nani kakwambia nataka chuma kikae mahali pangu? Twende."

Walipofika juu ya paa, Dufie aliing'oa antena kwenye mguu wa chuma, akamkabidhi Ntim mikononi. Kisha akasimama nyuma yake, akaishika mikono ile kwa nguvu.

"Leo shika wewe."

"Jumamosi wajomba zangu wanakuja kwenu na chupa za vinywaji kubisha mlango, waniposee wewe. Kama utakubali wafunguliwe."

Redio ikaanza kugonga. Dufie akamgeuza polepole, shavu kwenye mgongo wake, mpaka setilaiti ikapita na picha ikakamilika.

"Watafunguliwa," akasema. "Na huyo mwalimu wako mwambie arudi kujifunza. Mikono nitamshika mimi."