Nafasi ya Natali

Watu chumbani walikuwa kumi na mmoja. Pumzi zilikuwa kumi na mbili.

Ghizlan alizihesabu mara mbili, macho kafumba kama walivyoambiwa, akajisemea labda kuna mtu ana mafua. Saa nne asubuhi, jua la Casablanca limejaa dirishani, nani anawaza majini saa hiyo? Kwenye kituo chao cha simu kila siku kulikuwa na dakika kumi za kupumua. Bosi aliona watu wanalia chooni, wengine wanazimia na hedifoni kichwani, ndio akamleta Bi Lamya awafundishe kutuliza akili.

Maana ile kazi ilikuwa inamkausha mtu. Unawapigia Wafaransa unawauzia madirisha, simu mia mbili kwa siku, na wanakutukana mpaka mama aliyekuzaa. Jina lako huruhusiwi kulitaja. Siku ya kwanza tu unabandikiwa jina la Kifaransa juu ya kompyuta. Siham wa kiti cha pembeni akawa Silvi. Ghizlan akawa Natali. Ukijisahau ukataja lako, supavaiza Redwan anakutoa kazini siku hiyo hiyo.

Bi Lamya akaona hapo ndipo pa kuanzia. Aliwaambia wakivuta pumzi wamtengee yule mwenye jina la Kifaransa nafasi ndani ya kifua, wamkaribishe, wamkabidhi matusi yote. Anayetukanwa ni Natali, si wewe, mwachie. Hakuna aliyesema bismillahi. Watu ambao hata maji ya moto hawamwagi kwenye tundu la sinki bila kuwaomba majini ruhusa, siku ile walikaa vifua wazi kama milango ya soko.

Wiki ya kwanza raha tupu. Mteja anaporomosha matusi, Ghizlan hasikii kitu, kama yanaangukia chumba cha pili. Wiki ya pili wateja wakaanza kunyamaza wakimsikia. Wananunua haraka haraka, wanakata. Na hedifoni yake ikawa inanuka nywele zilizoungua.

Siku moja Siham akamvuta kwenye ngazi, akamwekea sikioni rekodi ya simu ya kazini. Sauti ni ya Ghizlan kabisa, inacheka taratibu, inamwambia bibi mmoja nguo aliyovaa, na nani amesimama nyuma yake.

"Ya lini hii?"

"Jana, saa saba na nusu." Siham alikuwa anatazama viatu vyake. "Saa saba na nusu tulikuwa wote chini tunakula dengu, dada. Hedifoni uliiacha mezani."

Jioni ile mama yake, Mbarka, alimwita kutoka jikoni mara tatu. Mbarka anafanya kazi bafu la mtaa, anasugua watu migongo, sauti yake inapenya mvuke na kelele zote. Ghizlan alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na hakugeuka. Mama akaweka kisu chini. Akakumbuka jina alilokuwa anasikia bintiye analitaja usingizini, akaliita polepole.

"Natali."

Ghizlan akageuka anatabasamu. "Natali hapa, nikusaidie nini?" mdomo wake ukasema, na yeye mwenyewe yuko ndani kabisa, kama mtu aliyefungiwa stoo, anapiga ukuta na ukuta hautoi sauti, harufu ya nywele zilizoungua inajaa jikoni mpaka macho yanachoma, na mama anamkamata taya kwa mikono miwili iliyolowa anasema Ghizlan binti Mbarka, Ghizlan binti Mbarka, anarudia bila kuvuta pumzi, mpaka mara ya saba yule binti akamng'ata kidole, akaanguka, akaanza kulia kwa sauti yake.

Ndivyo wanavyofanya bafuni mtu akianguka penye birika la maji ya moto, majini wakamvamia, Mbarka alisema. Wanamwita kwa jina lake na la mama yake mpaka arudi. Akataka wampeleke kwa wapiga ngoma wa Gnawa, wale wanaopunga majini, usiku ule ule. Ghizlan akakataa.

"Nilimkaribisha mwenyewe. Nitamtoa mwenyewe, kwa mdomo huu huu."

"Na kazi je, mwanangu?"

"Mama, nikishaisha mimi, hiyo kazi anaifanya nani?"

Asubuhi alivaa hedifoni, Redwan kasimama mgongoni. Simu ikapokelewa Ufaransa. Ulimi ukaanza kujikunja wenyewe kutafuta lile jina, akaung'ata, ukajikunja tena, shingo ikashikwa na baridi kama kuna mtu kaweka kiganja, taya zikafungwa, na ndani ya hedifoni ile pumzi ya kumi na mbili ikawa inahema juu ya pumzi yake, inamharakisha, sema, sema, wewe sema tu, naye akasukuma maneno kwa damu iliyojaa mdomoni.

"Bismillahi. Naitwa Ghizlan, binti wa Mbarka. Napiga kutoka Casablanca. Na wewe mwingine, toka kifuani kwangu."

Baridi ikaachia. Akasikia harufu ya kahawa, basi.

Redwan akachomoa waya. Akamuuliza kama amerukwa na akili, akampa dakika mbili aondoke.

"Moja inanitosha, bosi."

Alikuwa hajafika mlangoni, akasikia Siham anamwambia mteja wake, wala hapandishi sauti, "Naitwa Siham, binti wa Zhor." Halafu mwingine kule dirishani. Redwan akabaki anageuka huku na huku, hajui amkamate nani.

Jioni simu ikaita nyumbani. Namba ya ofisini, na ofisi ilishafungwa. Kwanza mtu anahema tu. Kisha sauti, ya kwake mwenyewe.

"Ghizlan. Huku baridi. Nikaribishe."

Mbarka akaziba mdomo kwa mtandio. Ghizlan akavuta pumzi, akaihesabu. Imeingia moja, imetoka moja.

"Pamejaa," akasema, akakata.

Kesho yake mapema alikuwa getini pa ofisi, anamsubiri msichana mpya atakayepewa kile kiti. Akamwona anakuja na begi jipya, kajipodoa, ana haraka. Akamshika mkono.

"Mdogo wangu, kabla hujaingia. Mama yako anaitwa nani?"