Ufa Kwenye Gitaa la Nyuzi Nane

Kila siku akitoka shule, Kiberiti alivua sare, akala alichowekewa, kisha akashuka karakana kufagia maranda. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa kuwa ukimgusa kidogo tu anawaka. Lilimkera sana, na kadiri alivyokereka ndivyo lilivyozidi kumganda, hadi hata walimu wakaanza kumwita hivyo.

Karakana ilikuwa ya mama yake, fundi seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya nyumba yao, chenye meza mbili za kazi, jiriwa ya kubania mbao, na harufu ya gundi isiyotoka hata madirisha yakishinda wazi. Humo mlikuwa na kanuni moja isiyo na mjadala. Ukikosea kipimo, ukipasua mbao au ukitoboa pasipotakiwa, unachukua chaki nyekundu na kuzungushia kosa lako, ili mwenzako asije akaendelea na kazi juu yake. Mama Fundi mwenyewe alijizungushia mara nyingi tu, huku akijisema vibaya.

Miezi hiyo nyumba nzima ilikuwa na hasira. Kaka yake Kiberiti alikuwa mpiga gitaa wa bendi, na mpiga gitaa hasa, mpaka siku mlango wa lori ulipombana mkono wa kushoto. Mifupa iliunga, lakini vidole viwili viligoma kukunjika. Kwa vidole vile hakuweza tena kubonyeza nyuzi. Akawa anashinda kwenye kiti karibu na mlango wa karakana, amenuna, anakosoa kila mpita njia. Kiongozi wa bendi alimwambia watamsubiri hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo wangetafuta mtu mwingine.

Ndipo Mama Fundi alipoamua kumtengenezea gitaa la kupakata. Gitaa la namna hiyo hulazwa mapajani, na mpigaji habonyezi nyuzi kwa vidole. Hutelezesha kipande cha chuma laini juu yake, mkono wa pili ukizikung'uta. Kushika chuma, kaka aliweza. Shida ni kwamba chuma hulala juu ya nyuzi zote kwa mara moja, hivyo sauti nyingine alizozoea kuzitengeneza kwa vidole asingezipata. Kwa hiyo walikubaliana liwe na nyuzi nane badala ya sita, na zile mbili za ziada ziwekewe sauti zitakazokosekana.

Mama Fundi alinunua ubao mzito, mkavu, kwa muuza mbao wa siku zote. Wakang'oa funguo sita za kukazia nyuzi kwenye gitaa la zamani la kaka, na nyingine mbili zikapatikana kwenye gitaa bovu la rafiki yake. Mama alichonga umbo lote, kisha akampa Kiberiti kazi ya maana ambayo hakuwahi kupewa: kutoboa matundu manane ya funguo kwenye kichwa cha gitaa.

"Weka kipande cha mbao chini yake, ubane vizuri kwenye jiriwa," alimwelekeza. "Anza na ncha nyembamba ya drili, halafu ndiyo uweke nene. Usisukume. Acha drili itoboe yenyewe."

Matundu sita ya kwanza yalitoka safi. Lakini kaka mtu alikuwa pale pale kitini, na mdomo wake haukupata likizo. Mara Kiberiti anashika drili utadhani ameshika mwiko, mara anachelewesha, mara yeye mwenyewe angekuwa na mkono mzima angeshamaliza zamani. Kiberiti alivumilia tundu la kwanza hadi la sita. Kwenye la saba, kaka akamwambia kwamba afadhali arudie ufagio wake, ndiyo kazi anayoiweza.

Kiberiti akafura. Akaweka ncha nene moja kwa moja, akasukuma drili kwenye tundu la saba kwa uzito wake wote, na la nane vilevile, meno ameyauma. Drili ilipotokea upande wa pili, alisikia mlio mdogo wa mbao ukiachia. Alipogeuza kichwa cha gitaa aliona ufa mwembamba kuliko unywele, umetoka tundu la saba, umepita la nane, umefika ukingoni.

Alitazama chaki nyekundu kwenye rafu. Kuichukua maana yake ni kumpa kaka neno la kusema mwaka mzima. Mama alikuwa nje na mteja, na kaka ameinuka kwenda kunywa maji. Kiberiti akachukua unga wa mbao, akauchanganya na gundi, akausindilia kwenye ufa, akapiga msasa. Ilikuwa mbinu ambayo mama yake huitumia kuziba matundu ya misumari kwenye milango. Jioni Mama Fundi akapaka vanishi, na ufa haukuonekana tena. Akamsifu kwa matundu yaliyonyooka, na Kiberiti akainamia ufagio wake.

Jumamosi asubuhi gitaa likavishwa nyuzi. Kaka alilipakata, akaanza kuzikaza moja moja, anakung'uta, anasikiliza, anakaza tena. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, uso wake ulikuwa umekunjuka. Uzi wa sita ukapanda vizuri. Wa saba ukapanda. Alipofika wa nane akazungusha ufunguo mara mbili, na kichwa cha gitaa kikapasuka kwa kishindo. Funguo mbili zikaruka. Uzi ukamchapa kaka shavuni, damu ikachirizika.

Mama Fundi alikuja mbio na kitambaa. Kiberiti alisimama pale pale akingojea kaka apige kelele. Kaka hakupiga kelele. Aliuangalia mkono wake wa kushoto, ule aliokazia ufunguo, kwa chuki ambayo Kiberiti hakuwahi kuiona machoni mwa mtu.

"Nimeukaza kupita kiasi," akasema. "Huu mkono hausikii kitu tena. Mama, mimi basi."

Akapanda chumbani, akafunga mlango. Jumamosi hiyo hakula, na Jumapili alikunywa chai tu. Kiberiti alipompelekea hiyo chai aliona simu ya kaka iko kitandani, ujumbe wa kumwambia kiongozi wa bendi kwamba anajitoa umeshaandikwa, bado kutumwa tu. Alitamani kusema. Lakini kila alipofungua mdomo alikumbuka maneno ya ufagio, hasira ikampanda upya, naye akajiambia kwamba kaka kajitakia mwenyewe. Akaondoka bila kusema.

Mama Fundi naye alikuwa na hasira zake, na alikuwa ameshapata mtu wa kumbebesha. Mbao kavu haipasuki hivyo, alisema. Muuza mbao kamuuzia mbao mbichi. Jumatatu, Kiberiti alipotoka shule, alimkuta mama yake ameshafunika meza za kazi, gitaa lililovunjika liko kwapani.

"Twende," alisema. "Leo ataniambia vizuri."

Muuza mbao alikuwa mzee mwembamba, aliyeitwa Mzee wa Futi kwa sababu futi yake ya kupimia haikumtoka mkononi, hata akiongea alipima hewa. Alimkaribisha Mama Fundi kwa furaha, na Mama Fundi akamjibu kwa kulitua gitaa juu ya rundo la mbao. Akammwagia yote mbele ya wateja: kwamba ni mwongo, kwamba anauza mbao zinazotoa maji, kwamba mwanawe amechapwa na waya usoni na amelala kwa siku mbili akijiona hafai. Watu wakaacha kupakia mbao, wakasogea. Mteja mmoja akarudisha polepole ubao aliokuwa ameuchagua.

Mzee wa Futi alimsogelea.

"Fundi, tangu tuanze kazi wote tungali vijana, nimewahi kukudanganya?" aliuliza. "Basi lete. Nitaukata huu ubao katikati mbele ya watu wote hawa, ushike ndani kwa mkono wako. Ukiwa mbichi, nafunga duka."

Akachukua msumeno, akaliweka gitaa sawa. Kiberiti aliona meno ya msumeno yakitua juu ya gitaa. Akageuka kumtazama mama yake, mtu ambaye hakumjua kuwa mgomvi, amesimama mikono kiunoni, macho mekundu. Ghafla hasira yote aliyoibeba siku zile ikamgeukia yeye mwenyewe, na ilikuwa kali kuliko alivyotarajia.

"Usikate," akasema. "Babu, usikate. Mama, ni mimi. Nilitoboa bila ncha nyembamba, mbao ikapasuka, nikaziba kwa gundi na unga. Ilipasuka mikononi mwangu."

Mama Fundi alilichukua gitaa, akakwangua vanishi kwa ukucha pale palipovunjika, akaona ile rangi nyeupe ya gundi.

"Chaki ilikuwa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ilikuwa pale pale."

Kiberiti alidhani atachapwa. Angefurahi kuchapwa. Badala yake mama yake alimgeukia Mzee wa Futi, mbele ya wateja wote waliomsikia akitukana, akamwomba radhi. Alisema amekosea, kwamba mbao ni nzuri, na kwamba maneno aliyoyasema anayameza yote. Mzee wa Futi alikunja futi yake, akaikunjua, kisha akasema tu kwamba amesikia, lakini ameumia.

Njiani mama alitangulia, gitaa kwapani. Walipofika mlangoni alinyoosha kidole kuelekea juu.

"Kamwambie mwenyewe. Mimi leo nimeshaomba radhi ya kutosha."

Kaka alikuwa amelala kifudifudi. Kiberiti alisimulia kila kitu, tangu tundu la saba mpaka msumeno wa Mzee wa Futi, bila kujitetea. Alipomaliza, kaka aliinuka taratibu, na maneno yakamtoka kwa mfululizo.

"Siku tatu! Siku tatu niko hapa najua huu mkono umekufa, nawe unapita hapo mlangoni unaniangalia tu. Nilikuwa nikisubiri giza liingie nitume huu ujumbe. Unajua ungenifanya nini?"

"Najua," alisema Kiberiti huku akilia. "Na wewe ulinitukana, lakini hilo silo lililopasua. Nilisukuma mimi."

Kaka akakunja na kukunjua vile vidole vinavyokunjika.

"Kwa hiyo haukuwa mkono," akasema.

"Haukuwa mkono."

Akaichukua simu, akafuta ujumbe. Kisha akamwambia atoke, maana bado alitaka kumkasirikia kwa nafasi.

Kichwa cha gitaa kilikatwa chote, kikaungwa kipya. Mzee wa Futi alileta kipande hicho mwenyewe, mbao ngumu kuliko ya kwanza, akakiweka mezani bila kusalimia sana, na Kiberiti akamshika mkono akamwomba radhi naye pia. Mama Fundi hakugusa drili. Kiberiti alipima, akabana, akaweka kipande chini, akaanza na ncha nyembamba. Kwenye tundu la tatu mkono ulimteleza, akachubua ukingo. Aliiweka drili chini, akachukua chaki nyekundu, akazungushia, akamwita mama aje kutazama. Kaka alikuwepo kitini na aliona yote. Safari hii alinyamaza, ingawa ilionekana wazi kuwa inamgharimu.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, kaka alilipakata tena gitaa. Kila mtu alisogea nyuma wakati wa uzi wa nane, isipokuwa yeye. Ulipanda, ukashika. Akaweka chuma juu ya nyuzi, akaanza taratibu, na sauti ikatoka ndefu, ikiteleza kutoka nzito hadi nyembamba. Alipofikia zile nyuzi mbili za ziada, sauti ilibadilika ikawa ya majonzi, ile aliyoitafuta kwa miezi. Alikosea, akaguna kwa hasira, akarudia, akakosea tena, akarudia. Mama Fundi akajipangusa macho kwa kona ya aproni.

Baadaye, walipokuwa wakikusanya vifaa, mama alimkalisha Kiberiti kwenye ukingo wa meza.

"Sikukasirikia ufa," alisema. "Mbao hupasuka, hata mimi nimepasua nyingi. Unga na gundi huziba tundu la msumari kwenye mlango kwa sababu tundu lile halibebi kitu. Pale penye kubeba mzigo haviwezi kushika. Wewe ukaficha kosa lako palepale penye mzigo, kisha sote tukalibeba. Kaka yako alilibeba, Mzee wa Futi alilibeba, mimi nililibeba kwa mdomo wangu mbele za watu. Kukasirika si dhambi, sisi nyumba hii ndivyo tulivyo. Ila ukikosea ukiwa na hasira, sema siku hiyohiyo, ungali unatetemeka. Ukingoja kwanza hasira ziishe, utakuta kosa limeshaangukia mtu asiyehusika."

Kiberiti aliitika.

Kaka akakung'uta uzi wa mwisho, akakunja uso.

"Wa nane umeshuka," akasema. Nyuzi mpya hushuka hivyo siku za mwanzo. Akalisogeza gitaa, kichwa kikamwelekea dada yake. "Ukaze."

Kiberiti alisita, kisha akashika ufunguo, akauzungusha kidogo kidogo huku kaka akikung'uta na kusikiliza, hadi kaka akaitikia kwa kichwa kuwa inatosha.