Bwana Mwenye Alikatala Curetage

Mainzi njo ilianza. Mu nyumba ya Bertin, kule Kikula, mainzi ilikuwa inaacha chakula pa meza, inaenda kukutana pa kitanda, paka pa upande wenye muntu halalake muchana. Viviane, bibi ya Bertin, alikuwa anaifukuza na kitambaa. Inaruka, inarudia palepale.

Mimba yake ilitoka mu mvua ya kwanza, na tangu pale damu ilikatala kukauka. Kisha harufu ikakuya, sawa nyama yenye kusahauliwa mu sufuria. Mama-mukwe Élisabeth alimwanga javel, dawa ya kuua harufu, mu chumba yote. Harufu ikashinda javel.

— Ni bwana wa usiku, pepo mwenye kuoa bibi ya muntu, mwanangu, alimuambia polepole. Hakuna dawa yake. Ni kufunga na kuomba tu.

— Mama, infirmière Laure wa ku lopitalo alisema niende kwa curetage, banisafishe kizazi.

— Curetage! Ile ya babinti benye kutosha mimba? Utapita wapi mu quartier? Na bakisha kukukwangula mule ndani, utazala na nini? Na magoti?

Viviane akarudia kufukuza mainzi. Mutoto njo alikuwa anataka kupita bintu yote, na aliogopa banganga ba lopitalo batakwangula damu pamoja na kizazi.

Lakini mwenye alimufungia njia kabisa haikuwa mama-mukwe. Ni Bertin. Kila muchana, wakati jua inapiga mabati na homa inamulalisha, Viviane alisikia godoro inashuka pembeni, sawa muntu mukubwa anaikala. Macho ilikuwa mazito, haifunguki. Sauti ya bwana yake ikasema mu shikio:

— Usiende kule, chérie. Kile kimebakia ndani ni changu. Uniachie.

— Ndiyo, papa, alijibu.

Siku moya homa ilipanda mupaka meno ikagongana. Bertin alirudia toka kazi, kule Panda, akamukuta anatetemeka.

— Viviane, juu ya nini hauende lopitalo? Minye nangoja paka weye useme.

— Si weye njo unanikatazaka?

— Minye? Saa gani?

— Muchana. Unakuyaka kuikala hapa.

— Viviane... muchana minye niko ku usine, ku kazi. Tangu lini nilirudiaka muchana?

Bote babili bakaangalia upande ule wa godoro, kwenye mainzi ilijaa nyeusi sawa nguo ya kilio, na pale katikati godoro ilikuwa imeshuka, na muntu hakuna, na polepole, bila mukono kuigusa, ikaanza kupanda, sawa mwenye alikuwa anaikala pale amesimama, na harufu ikapita mbele ya sura yao, ikaenda ku mulango, na mulango haukufunguka, na inje, mu parcelle, Mama Élisabeth akasema kwa sauti:

— Bertin, unatoka tena? Hata haukule?

Bertin alimubeba Viviane ku mukongo, akakimbia kutafuta taxi.

Ku lopitalo, Laure alimushika mukono.

— Sikia muzuri, mama. Mimba yako haikutoka yote. Kipande kilibakia, kinaoza, njo kinaleta damu na homa. Curetage ni kupitisha chombo kidogo mu mulango ya kizazi, kutosha kile tu. Kizazi inabakia fasi yake. Utalala na sindano, haitakawia. Kubakisha kile ndani njo kunauaka.

— Minye nilizania ni ya babinti...

— Ni ya mwanamuke yeyote mwenye damu inakatala kukauka. Hata bibi ya pasteur.

Kisha Laure akamuangalia Bertin, akarudia nyuma.

— Papa, weye ni nani? Bwana yake nimemuacha sasa hivi mu couloir, hapa inje ya mulango. Sura paka sawa yako. Amekatala. Amesema tusimuguse.

Harufu ikaingia chini ya mulango.

— Bwana yangu ni huyu, Viviane alisema. Lakini kizazi ni yangu. Laure, munipeleke. Sasa!

Bakamusukuma ku salle ya curetage. Nyuma yao kintu ikalia na sauti ya Bertin, sawa mutoto mwenye bananyanganya ziwa.

Wakati aliamuka, harufu hakuna. Tumbo ilikuwa inauma kidogo tu. Docteur akamuambia kizazi iko nzima, akamaliza dawa atapona. Viviane alilia mupaka Bertin akalia naye, kisha Bertin akalala pa kiti.

Pa kitanda ya pembeni kulikuwa binti moya, Princesse, mwenye mimba yake pia ilitoka, na tangu asubuyi alikuwa anakatala curetage.

— Yaya, aliita polepole, ule papa mwenye anaikala pa miguu yangu ni wa kwako?

Viviane aliangalia. Pa miguu ya Princesse muntu hakuna.

— Anakuambia nini?

— Anasema nisiogope. Anasema bataniharibu. Atabakia na minye mupaka mwisho.

Viviane alichomoa sindano ya sérum mu mukono, akashuka chini na damu inadonda, akaanza kuita Laure kwa nguvu yote yenye ilibakia.