Kirudishwe kwa Mtumaji

Foleni ya dirisha namba nne, dirisha la vifurushi vya nje, ilitembea kama maiti anayejibeba mwenyewe. Fundi Saa alipofika mbele alikuwa ameshapoteza subira, hamu ya kula na sehemu ya ujana wake. Mkononi alikuwa na boksi dogo lenye saa ya mteja aliyehamia ng'ambo.

Nyuma ya kioo alikaa dada mmoja mwenye blauzi ya bluu iliyopigwa pasi mpaka mikono yake ikawa na makali. Nywele amezibana kwa kalamu.

"Ndani kuna nini, kaka?"

"Saa."

"Ina betri?"

"Dada yangu, saa bila betri ni bangili."

"Basi utatuma bangili." Akanyoosha kidole ukutani bila kugeuka. Hapo palibandikwa bango refu kama wosia: vitu visivyoruhusiwa, na chini yake kanuni kumi na mbili kwa herufi ndogo.

Fundi Saa hakubishana. Alitoa bisibisi mfukoni, akaifungua saa palepale juu ya kaunta na kung'oa betri. Mishale ikasimama saa nne na dakika ishirini. Foleni nzima ikaguna.

"Umeiua mbele yangu," akasema yule dada.

"Umenituma wewe."

Yule dada alijaribu kucheka kiserikali, yaani kwa kuficha mdomo nyuma ya muhuri, lakini meno yalimponyoka. Ieleweke kwamba Fundi Saa alikuwa mtu mzima, mwenye kibanda chake na akili zake. Meno yale yalimnyang'anya akili na kumwachia kibanda.

Wiki iliyofuata alirudi na chupa ya manukato. Ikakataliwa. Iliyofuata akaja na kiberiti, kisha rangi ya kucha, kisha mbegu. Alikuwa akishuka na lile bango mstari kwa mstari, kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kufeli.

"Kaka, hivi unaishi duniani, au umetumwa na adui zangu?"

"Najifunza sheria, Afisa."

Safari ya sita boksi lake lilikuwa linavuma.

"Humo mna nini?"

"Soma mstari wa saba. Wanyama hai ni marufuku, isipokuwa nyuki, ruba na viwavi wa hariri."

Afisa aligeuka, akasoma. Ilikuwa kweli tupu. Foleni ikarudi nyuma hatua tatu bila kuambiwa.

"Una nyuki humo?"

"Fungua uhakiki. Kazi yako hiyo."

Akafungua kwa ncha ya rula, uso ameugeuza pembeni. Ndani mlikuwa na kengele ya saa ya mezani, inajivumia peke yake kwenye pamba.

"Nakupa namba yangu ya simu," alisema Afisa, akilifunga boksi, "kwa sharti moja. Usirudi tena dirishani kwangu."

"Nimekubali, Afisa."

Kesho yake alirudi kumshukuru.

Wakapendana. Jioni alimpitia kazini, naye alitoka amebadilisha blauzi ya bluu kwa gauni la njano lenye vifungo mgongoni, ambavyo viwili vya juu havikuwahi kufungwa kwa sababu mikono haikufika. Shangazi yake, aliyemlea, alimwita kijana "yule wa nyuki", na alipompenda zaidi akafupisha: "Nyuki."

Mwaka haujaisha, Afisa akapata kazi ng'ambo, mkataba wa miaka miwili kwenye ghala la kupangia vifurushi. Nafasi kama hiyo haikataliwi. Fundi Saa alijua haikataliwi, akasema "hongera" kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

Siku ya kuondoka Afisa alimwachia saa ya mkono ya marehemu babu yake, iliyosimama miaka kumi na moja.

"Itengeneze. Usinirudishie mpaka itembee."

"Na nikishindwa?"

"Ukichoka, laazizi, na simaanishi kuichoka saa, nitumie hivyo hivyo ilivyo. Nitaelewa. Usinieleze kwa simu, sitaweza kusikiliza."

"Nani achoke? Mimi nimesimama kwenye foleni yako mara sita!"

Miezi minane waliishi kwa simu za asubuhi, kabla yeye hajafungua kibanda na mwenzake hajalala.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekukumbuka. Haishibishi."

Ndipo Fundi Saa akaamua kumposa. Akanunua pete ya dhahabu, akaenda dirisha namba nne. Sasa palikaa mzee mnene aliyeitwa Babu Muhuri, kwa jinsi alivyogonga muhuri kana kwamba karatasi imemtukana.

"Dhahabu haiendi kwa kifurushi, kijana. Nchi hiyo hawapokei."

"Babu, ni ya uchumba."

"Bango halina mstari wa uchumba."

Akarudi kibandani, akakaa. Mbele yake kulikuwa na gurudumu la shaba kutoka kwenye saa kuukuu ya ukutani. Siku nne alilikata, akalikunja na kulisugua, mpaka likawa pete yenye meno madogo mgongoni. Shaba haikukatazwa. Akairudisha ya dhahabu dukani, na kwenye fomu ya forodha, kwa kuogopa kuulizwa maswali, akaandika kwa ukweli wa fundi: *Vipuri vya saa. Zawadi.* Chini palikuwa na swali ambalo watu hulijibu bila kusoma: kifurushi kisipopokelewa, kirudishwe kwa mtumaji au kihesabiwe kimetelekezwa? Akatia alama kwenye *kirudishwe*.

"Kuna kitu kinakuja," akamwambia Afisa kwenye simu. "Sisemi."

"Sema!"

"Utakiona, kipenzi."

Wiki sita akafuatilia ile namba ya kifurushi kama mtu anayefuatilia mgonjwa mahututi. *Kimepokelewa. Kimeondoka. Kimewasili kituo cha kupangia.* Kikakaa hapo siku kumi na tatu, naye hakuwa na wa kumsukuma. Fundi anayeweza kuizindua saa iliyozama mtoni hana bisibisi ya kufungulia forodha.

Wiki ya saba Afisa aliacha kupokea simu. Siku mbili baadaye namba ile ikasema: *Kimekataliwa na mpokeaji. Kinarudishwa.*

Akapiga mara kumi na tisa. Kisha akaacha, maana hata aibu ina namba yake ya mwisho. Akaenda kwa shangazi.

"Shangazi, nimemkosea nini?"

"Hataki niseme neno, Nyuki wangu. Amesema tu anakuheshimu."

"Ananiheshimu?"

"Ndiyo, mwanangu. Hata mimi nimeogopa."

Wiki tano nyingine akatengeneza saa za watu na kuzirudisha zikiwa mbele ama nyuma, hadi mteja mmoja akamuuliza kama amehamia nchi nyingine. Kisha ikaja taarifa: njoo uchukue.

Babu Muhuri alikisukuma kifurushi kupitia uwazi wa kioo. Hakikuwa kimefunguliwa. Kilijaa vibandiko kama paji la uso la mtoto aliyeanguka na baiskeli. Kwenye cha mwisho palikuwa na alama mbele ya neno *kimekataliwa*, na pembeni, kwa mwandiko anaoujua, kalamu iliyobonyezwa sana: *Kanuni ya tisa.*

"Babu, kanuni ya tisa inasemaje?"

"Ipo ukutani. Mimi nimeisahau tangu nilipoihifadhi."

Fundi Saa akasogea mpaka pua ikakaribia bango. Mistari ya juu aliijua yote. Huku chini hakuwahi kufika.

*9. Kifurushi ni mali ya mtumaji mpaka kitakapokabidhiwa kwa mpokeaji.*

Akaisoma mara tatu. Halafu akapiga simu palepale katikati ya ukumbi. Iliita sana, kisha ikapokelewa.

"Laazizi. Nipo mbele ya bango."

Akasikia swichi ya taa ikibofywa upande wa pili.

"Ulidhani ni nini?"

"Kijikaratasi cha forodha juu ya kifurushi kilisema vipuri vya saa." Sauti ilikuwa ndogo. "Nikajua umeifungua saa ya babu, umeshindwa, umenichoka, unanirudishia vipande. Ningepokea ingekuwa imekwisha. Nikikataa, bado ni yako. Bado tupo."

"Na simu?"

"Ungeniambia. Usilonikabidhi halijanifikia."

"Mungu wangu! Saa ya babu inatembea tangu mwezi wa pili! Sikusema kwa sababu ungetaka niitume, nami ningebaki sina kitu chako."

"Sasa humo mna nini?"

Akachana karatasi kwa meno. "Pete. Nimeichonga mwenyewe. Ina meno kidogo, itakukwaruza. Nilitaka kukuuliza kama utakubali kukwaruzwa."

Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Hata mizani ilisimama.

"Dada, jibu!" akapaza sauti mama mmoja kwenye foleni, ingawa hakuna aliyemkaribisha. "Watu tuna kazi!"

Kwenye simu akasikia kilio, halafu kicheko, halafu vyote pamoja, na kati yake, "Nimekubali. Nimekubali, mjinga wewe. Lakini siwezi kurudi kabla ya mkataba kuisha, unajua."

"Najua."

"Basi itume tena. Na safari hii andika ukweli."

Akajaza fomu nyingine. *Pete moja ya shaba. Ya uchumba.* Babu Muhuri akaisoma kwa sauti, kwa kuwa utaratibu unataka yaliyomo yahakikiwe, au kwa kuwa alipenda. Mkono wa Fundi Saa ukasita kwenye lile swali la mwisho.

"Hapa niweke nini? Kirudishwe?"

"Kirudishwe," akasema Afisa.

"Kwani utakikataa tena?"

"Hapana. Ila nafanya kazi humu, nimeona vinavyopotea. Kikinikosa, kisilale na vya watu. Kirudi kwako."

Akatia alama. Muhuri ukagonga, na kifurushi kikatupwa kwenye gunia juu ya vingine. Fundi Saa akabaki amesimama anakitazama, mikono mitupu, mpaka mama wa nyuma akamgusa bega taratibu.

"Sogea, mwanangu. Kimeshakutoka."